Mama ana goti linalouma: je, mabonde ya Kapadokia anayaweza?

*"Habari za kazi mtaalamu. Mimi na mama yangu (miaka 61) tutakuwa Uturuki wiki ya pili ya Aprili, na tumejipa siku tatu Kapadokia. Baluni hatutaki. Tunataka kutembea kwa miguu kwenye yale mabonde yenye mawe kama uyoga na nyumba za mapangoni. Shida ni goti la kulia la mama, linamsumbua hasa akishuka ngazi. Hospitali walisema ni kusagika. Na watu wametutisha. Mmoja kasema kule ni juu sana, mama atakosa pumzi. Mwingine kasema vumbi la mawe yale linaleta saratani. Wa tatu kasema tusithubutu bila mwongozaji kwa sababu mapango huporomoka. Je, tuache? Kama twende, njia ipi inamfaa mama, na mapangoni tuingie au tuangalie kwa nje? Na hoteli za pangoni ni salama kulala? Tunatokea Dar es Salaam."*

Asante kwa swali lililojitosheleza. Msiache, nendeni. Mama anaweza kutembea mabonde yale na akayafurahia, ila kuna jambo moja ambalo lazima mlipange nyumbani kabla hamjafika: kila njia mtaianzia upande gani. Kwa goti la aina hiyo, upande wa kuanzia una uzito kuliko urefu wa njia. Sababu iko kwenye jiwe lenyewe, na hofu mbili kati ya tatu mlizotiwa zinahusu jiwe hilohilo, kwa hiyo tuanze hapo.

Unachokiona pichani kama mwamba ni majivu. Mamilioni ya miaka iliyopita volkano za Anatolia ya kati, yaani katikati ya Uturuki, zilimwaga majivu ya moto, tabaka juu ya tabaka, yakajishindilia na kushikamana kuwa jiwe laini liitwalo tufu. Sehemu nyingine juu ya majivu hayo likakaa tabaka la jiwe gumu zaidi. Maji ya mvua na theluji yakapenya kwenye nyufa za lile gumu, yakaanza kula lile laini lililo chini. Palipobaki kipande cha jiwe gumu, kikawa mwavuli wa nguzo iliyo chini yake, na pembeni yake kote kukamomonyoka. Huo ndio uyoga wako. Waturuki wanaziita nguzo hizo peribacası, yaani dohani za peri, viumbe wa hadithini. Kofia ikianguka, nguzo huanza kuchongoka, hupungua mwaka hadi mwaka, mwisho hutoweka. Kama umewahi kufika Isimila karibu na Iringa, umeona nguzo zilizochongwa na maji kwa mtindo unaofanana na huo, ingawa udongo wake ni mwingine.

Weka kiganja ukutani kwenye bonde lolote la Göreme, mji mdogo ulio katikati ya Kapadokia, kisha kitazame: kimetoka na unga mweupe. Ulaini huo ndio uliowawezesha watu kuchimba nyumba, mazizi, makanisa na hata miji chini ya ardhi kwa sululu tu. Tufu ikiwa mbichi ndani huchimbika kwa urahisi, ikishapigwa na hewa uso wake hukaza. Na ulaini huohuo ndio unaofanya njia ziteleze na kingo zikatike. Ukilishika hili, mengine yote yatafuata.

Sasa hizo hofu. Ya kwanza, kwamba kule ni juu sana: Göreme iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, chini ya Arusha na chini kabisa ya Mbeya. Mama akifika Arusha anapumua kama kawaida, basi na Göreme atapumua. Mtu wa Dar atahema kidogo zaidi kwenye mpando siku ya kwanza, na ukavu wa hewa utamkausha koo, lakini huo si ugonjwa wa mwinuko.

Ya pili, saratani, ina ukweli ndani yake ila imetiwa chumvi. Katika vijiji vitatu vya mkoa ule, Karain, Tuzköy na Sarıhıdır, watu wengi walikufa kwa saratani ya utando unaozunguka mapafu, na chanzo kilipatikana: madini ya nyuzinyuzi yaitwayo erionaiti, yaliyomo kwenye mawe ya vijiji hivyo. Shirika la Afya Duniani limeyaweka kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani. Lakini waliougua ni watu waliozaliwa humo, wakajengea nyumba mawe hayo, wakapumua vumbi lake miaka na miaka. Ninyi mtakuwa siku tatu, na vijiji hivyo havimo kwenye njia yoyote nitakayowatajia. Msiende huko, basi. Kwenye njia zenu vumbi la kuepuka ni jingine, nitalieleza tukifika mapangoni.

Ya tatu, kuporomoka, hiyo ndiyo ya kuichukulia kwa uzito, na mwezi wenu unahusika. Baridi ya Anatolia hushuka chini ya sifuri. Maji yaliyoingia kwenye ufa yakiganda, hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kuusukuma ufa ufunguke. Barafu ikiyeyuka, kilichokuwa kimeshikiliwa nayo kinabaki kinaning'inia. Tena tufu ikinywa maji hupoteza nguvu yake nyingi. Ndiyo maana mwishoni mwa baridi na wakati wa mvua za masika ya kule, yaani Machi na Aprili, vipande hudondoka kuliko Agosti. Wenyeji wanajua hili kwa machungu: kijiji cha Zelve kilihamishwa mwaka 1952 kwa sababu miamba ilikuwa ikiangukia makazi, na kijiji cha zamani cha Çavuşin nacho kikaachwa.

Kusoma genge kabla ya kukaa chini yake si kazi ngumu. Uso wa zamani wa tufu ni wa kijivu, umefifia, na mara nyingi una madoa ya manjano au meusi. Palipovunjika karibuni pana rangi nyeupe au ya waridi iliyo safi, kama mkate uliomegwa sasa hivi. Kisha tazama chini: vipande vilivyoanguka zamani vina kingo za mviringo, vipya vina makali. Ukiona kovu jeupe juu na vipande vyenye makali chini, piteni bila kusimama, na chakula kaleni kwingine. Baada ya mvua ya nguvu subirini walau nusu siku ya jua kabla ya kuingia bonde jembamba. Mkiwa ndani na wingu likajifunga, tokeni kwenye mkondo wa bonde mara moja. Sehemu zile mnazopita pakavu, hasa vijia vya chini ya mwamba kama vile vya bonde la Meskendir, ni njia za maji.

Tuje kwenye goti. Kusagika maana yake gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, umepungua. Mtu akipanda, misuli ya mbele ya paja inasukuma mwili juu kwa utaratibu. Akishuka, misuli hiyohiyo inafanya kazi ya breki, na kila hatua uzito wa mwili unatua kwenye goti lililopinda, mara kadhaa ya uzito wenyewe. Ndiyo sababu mama analalamika kwenye ngazi za kushuka. Kwenye tufu kuna nyongeza: juu ya njia iliyokanyagwa ikakaza hulala changarawe ndogo, na kuikanyaga kwenye mteremko ni kama kukanyaga mchele uliomwagika kwenye sakafu ya saruji. Mguu unateleza kidogo, goti linajipinda ghafla ili mtu asianguke, na jioni linavimba. Kuanguka kwenyewe si lazima kutokee.

Kwa hiyo kanuni yenu ni kupanda kwa miguu na kushuka kwa gari. Bahati mbaya ushauri mwingi mtakaopewa, hata kwa nia njema, utakuwa kinyume chake, kwa sababu asiye na tatizo la goti huona kushuka ni mteremko wa bure.

Siku ya kwanza chukueni bonde la Güvercinlik, yaani bonde la njiwa, kutoka Göreme kwenda Uçhisar. Ni kama kilomita 4, na mwinuko wake wote ni karibu mita 200. Watu huambiwa waanzie Uçhisar. Ninyi anzieni Göreme. Sehemu kubwa mtakwenda taratibu kwenye sakafu ya bonde, kati ya mipopla na bustani za aprikoti wanazoziita kayısı, matunda madogo ya rangi ya chungwa ambayo miti yake mara nyingi huchanua Aprili. Mpando mkali uko mwishoni, ukikaribia Uçhisar. Jipeni saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Mama akiona mpando wa mwisho haumfai, geukeni, kwa sababu njia mliyojia ni ya mteremko mdogo. Akifika juu, msirudi kwa miguu. Pandeni dolmuş, hiace za kule, mrudi Göreme.

Njiani tazameni kuta zilizotobolewa vidirisha vidogo vingi. Hizo ni nyumba za njiwa. Wakulima waliwafuga kwa ajili ya kinyesi chao, mbolea ya mizabibu, na mbele ya vidirisha wakapaka lipu laini jeupe, wakati mwingine na michoro, ili njiwa wavutike na wanyama wanaopenda mayai wasipate pa kushika kucha.

Siku ya pili nendeni Ihlara, na hapa kuna mtego. Ihlara ni korongo la kilomita 14 hivi, kuta zake zinafika mita 100, na chini unapita mto Melendiz wenye miti kandokando. Chini ni tambarare kiasi, panamfaa mama kabisa. Tatizo ni kwamba lango kuu lina ngazi zaidi ya 380 za kushuka, na safari nyingi za kikundi za siku moja huanzia hapo. Akizishuka zile, siku ya tatu atabaki kitandani. Ingieni kwa Belisırma, kijiji kilicho chini kabisa usawa wa mto, tembeeni kufuata mto kuelekea upande wa Ihlara mtakapotosheka, mkageuka. Ni kilomita 3 na kitu hadi kwenye makanisa yaliyo karibu na zile ngazi. Hata kilomita moja na nusu kwenda na kurudi ni matembezi kamili. Kwa hiyo msinunue safari ya kikundi kabla ya kuuliza wanaingilia wapi. Gari la kukodi na dereva ni ghali zaidi, lakini hapa pesa hiyo inanunua goti.

Siku ya tatu ni Güllüdere na Kızılçukur, bonde la waridi na bonde jekundu. Rangi inatokana na chuma kilichomo kwenye majivu, ambacho kimepata kutu. Wengi huanzia juu, kwenye mtazamo wa Kızılçukur, wakashuka hadi Çavuşin. Mteremko wa juu ndio mbaya kuliko yote niliyoitaja: mkali, mwembamba, umejaa changarawe. Ninyi ingieni kwa Çavuşin, pandeni Güllüdere pole pole kwa saa moja au moja na nusu, kisha rudini mlikotoka kabla njia haijawa kali. Jioni kodini gari liwapeleke hadi juu Kızılçukur kutazama jua likizama kuta zikiwaka. Gari linafika huko kwa barabara. Jua huzama wakati huo saa moja na robo hivi, na saa zenu hamna haja ya kuzibadilisha, Uturuki na Afrika Mashariki wanatumia saa zilezile.

Kuhusu mwongozaji. Güvercinlik na Ihlara mnaweza kwenda wawili, njia inaonekana na watu wapo. Pakueni ramani ya kutumia bila intaneti mkiwa hotelini, maana bondeni mtandao hukatika. Güllüdere ni tofauti. Njia hugawanyika kila mahali, vibao ni vichache, na njia ya mbuzi inafanana na njia ya watu hadi inapoishia kwenye ukingo. Kule mchukueni mtu kwa nusu siku. Mwongozaji halali Uturuki huwa na kitambulisho cha kazi, kokart, na haoni aibu kuombwa akionyeshe. Mwambieni mapema habari ya goti, na mkubaliane mwendo kabla ya bei.

Vifaa si vingi. Raba zenye soli iliyolika ziacheni Dar. Kinachotakiwa ni kiatu chenye soli ya mpira yenye meno, kilichovaliwa walau wiki tatu kabla ya safari. Mama awe na fimbo mbili za kutembelea, za kurefusha na kufupisha. Kwenye tambarare kiwiko kipinde pembe mraba, kwenye mteremko arefushe sentimita 5 hadi 10, aziweke mbele kwanza ndipo mguu ufuate. Hatua ziwe fupi, soli yote iguse chini, na asiegemee nyuma, kwa sababu kuegemea nyuma ndiko kunakofanya kisigino kiteleze. Maji lita moja na nusu kila mmoja. Vibanda vya chai na juisi ya komamanga vipo njiani, lakini Aprili vingine havijafunguliwa. Mchana utakuwa nyuzi 15 hivi, usiku unaweza kushuka hadi 3 au 4, kwa hiyo sweta na koti la mvua ni lazima. Njia ikiwa imeloa, hata fimbo hazisaidii sana, tufu yenye maji inateleza kama mlenda. Siku hiyo fanyeni ya makumbusho.

Mapangoni ingieni, ila mjue mnaingia wapi. Kwanza tusahihishe neno: mengi si mapango ya asili, wala hayakukaliwa na watu wa kale wasiojua kujenga. Ni majengo yaliyochimbwa. Wakristo wa enzi ya Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, walichonga makanisa yenye nguzo na kuba ambazo hazibebi chochote, wamezichonga tu ili jengo lifanane na lililojengwa, na mengi ya yale yenye picha nzuri ni ya karne ya 10 hadi ya 12. Wagiriki wa imani hiyo waliishi kule hadi mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki ya mwaka 1923. Waturuki nao waliishi kwenye nyumba hizo hadi karne iliyopita. Ndani, mulika ukuta kwa upande, si uso kwa uso: mikwaruzo ya sululu itatokeza, mistari ya mshazari iliyolingana, na unaweza kuona mchimbaji alipobadilisha mkono. Tazameni masizi darini, vishubaka vya taa, matundu ukutani ya kufungia mifugo, na shimo la mviringo sakafuni lililokuwa tanuri la mkate.

Shimo hilo ndilo linaloleta kanuni ya kwanza: taa kabla ya mguu. Sakafu za ndani zina mashimo ya tanuri, ya kukamulia zabibu, na mengine yanatokea chumba cha chini. Simu mkononi haitoshi, kwa sababu mkono huo utauhitaji. Vaeni taa ya kichwani. Ghorofa za juu ziacheni. Sakafu kati ya vyumba viwili huenda imebaki unene wa sentimita chache, na kwa juu hujui. Msipande kwenye vijishimo vya ngazi vilivyochongwa ukutani, kupanda huwa rahisi, kushuka ndiko watu hukwama. Chumba chenye kinyesi kikavu cha njiwa msiingie, au vaeni barakoa na msiburute miguu, maana kinyesi hicho hubeba vimelea vya fangasi vinavyoweza kuingia mapafuni. Hilo ndilo vumbi nililosema. Na picha za ukutani msiziguse, jasho na unga wa vidole vinaziondoa. Kama mnataka kuona michoro kwa usalama na mwanga mzuri, lipeni tiketi ya Makumbusho ya Wazi ya Göreme.

Kabla ya safari mpelekeni mama kwa mtaalamu wa viungo, si kwa ushauri wangu wa maandishi. Hilo ni la lazima kama goti huvimba, hukwama likashindwa kunyooka, au humwachia ghafla akiwa amesimama. Hata kama hana dalili hizo, wiki sita za mazoezi ya misuli ya paja zitamsaidia kuliko kifunga goti chochote cha dukani. Akiwa bondeni akateguka na asiweze kukanyaga, msimburute. Mfunikeni koti, pigeni simu 112, namba moja ya dharura Uturuki nzima, mtaje jina la bonde na kijiji kilicho karibu. Mtandao ukikosekana, mmoja apande sehemu ya juu iliyo wazi.

Hoteli ya pangoni kwa kawaida ni salama kulala, na joto la ndani halibadilikibadiliki. Baadhi zina unyevu. Mkiingia mkanusa ukungu, ombeni chumba kingine, hasa kama mmoja wenu ana pumu. Lakini kwa mama swali la kuuliza kabla ya kulipa ni ngazi. Hoteli hizo zimechongwa kwenye kilima, na chumba chenye mandhari nzuri mara nyingi kiko juu kabisa. Waandikie, waulize kutoka barabarani hadi kitandani kuna ngazi ngapi, na kutoka kitandani hadi kwenye kifungua kinywa ngapi. Wakikujibu "chache tu," uliza tena hadi wakupe namba.